Hisabati Tuliyoisoma kwa Kiswahili

Tangu nianze masomo ya shahada, wenzangu katika darasa la Kiswahili wameniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu aliyesoma Hisabati, Uchumi na Jiografia katika kidato cha tano na cha sita anatafuta nini huku? Wengine huuliza kwa utani. Wengine huuliza kwa huruma, kana kwamba hisabati ilinishinda nikakimbilia mahali rahisi. Insha hii ni jibu langu. Sikuikimbia hisabati. Hisabati ndiyo iliyonileta kwenye Kiswahili, na ilinileta kwa njia ambayo shule yangu ya sekondari ilikuwa imeipiga marufuku.

Nimekulia Koboko, kona ya Uganda inayopakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyumbani tunasema Kikakwa. Kiswahili nilikisikia sokoni, mahali mama anapouza mchele na maharagwe. Wateja wake ni wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, madereva wa malori yanayoelekea Juba kupitia mpaka wa Oraba, na Wanubi wa mjini. Babu yangu aliwahi kuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: amri, matusi na nyimbo za kupigia kwata. Basi mtoto wa Koboko hukua akijua kwamba Kiswahili ni lugha ya bei na ya bunduki. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kukaa chini akafikiri kwacho.

Niliingia kidato cha tano mwaka 2022, mwaka ambao shule za Uganda zilifunguliwa kikamilifu baada ya kufungwa kwa sababu ya korona. Wasichana kadhaa niliosoma nao kidato cha nne hawakurudi. Baadhi yao walikuwa wameolewa, wengine walikuwa wameshajifungua. Kwa msomaji asiyeufahamu mfumo wetu, katika miaka miwili hiyo ya mwisho mwanafunzi huchagua masomo makuu matatu, akaongeza somo dogo moja na Karatasi ya Jumla. Somo kuu la hisabati hutahiniwa na UNEB kwa karatasi mbili, kila moja saa tatu. Ya kwanza ni hisabati tupu: aljebra, trigonometria, kalkulasi, vekta, namba changamano. Ya pili ni hisabati tumizi: takwimu na uwezekano, umakanika, na mbinu za kukadiria majibu ambayo hayapatikani kwa njia ya moja kwa moja. Wakati wetu, katika kila karatasi sehemu A ilikuwa na maswali 8 ya lazima yenye alama 5 kila moja, na sehemu B ilikuwa na maswali 8 ambayo ulichagua 5, alama 12 kila moja. Sikumbuki tarehe ya kuzaliwa ya binamu zangu, lakini mgawanyo huo wa alama nitakufa nao.

Tulianza tukiwa 17. Muhula mzima wa kwanza hatukuwa na mwalimu wa somo hilo. Aliyekuwepo alikuwa amepata kazi kwingine wakati shule zimefungwa, na mahali pake palibaki wazi. Tulipewa vitabu viwili vilivyochakaa na kuambiwa tusome sura za mwanzo. Kufikia Pasaka tulikuwa 9. Kufikia mwisho wa muhula tulikuwa 4, kwa kuwa wenzetu walihamia Historia na Dini, masomo yaliyokuwa na walimu. Siwalaumu hata kidogo, maana karo ni karo, na mzazi aliyeuza mbuzi hataki kusikia kwamba mtoto wake anajifundisha mwenyewe.

Mwalimu wa taaluma alituita sisi wanne akatueleza waziwazi kwamba shule haiwezi kumlipa mtu kwa ajili ya wanafunzi wanne, na akatushauri tubadilishe. Tuliomba wiki moja. Katika wiki hiyo mama yangu alimwendea mzazi mmoja baada ya mwingine, na walipokubaliana kuchanga nauli, shule ilikubali kumtafuta mwalimu wa muda. Alipatikana Arua, zaidi ya kilomita 50 kutoka kwetu. Alikuja kila Ijumaa mchana, akalala, akatufundisha Jumamosi mpaka saa nane, kisha akapanda teksi kurudi. Siku nyingine zote tulibaki wenyewe.

Sasa niwaeleze hao wanne. Mimi, Mkakwa wa Koboko. Dada mmoja Mlugbara kutoka Arua, mcheshi, aliyetaka kuwa mhandisi wa barabara. Kaka mmoja wa Yei, Sudan Kusini, ambaye familia yake ilikimbilia kambi ya Bidibidi mwaka 2016. Alikuwa na umri mkubwa kuliko sisi na tulimwita Mzee. Na mvulana wa Bunia, Kongo, aliyefika Uganda akiwa na miaka 13. Lugha ya darasani ilikuwa Kiingereza. Lugha ya kila mtu nyumbani ilikuwa tofauti. Dada wa Arua hakujua Kikakwa, nami Kilugbara changu kilikuwa cha salamu tu. Mzee alikuwa mwepesi zaidi katika Kiarabu cha Juba. Wa Bunia alikuwa amesoma shule ya msingi kwa Kifaransa.

Huyo wa Bunia ndiye kiini cha habari hii. Darasani alikuwa kimya kabisa. Mwalimu wa Arua, katika majuma ya kwanza, alimwona kuwa dhaifu, na ukitazama daftari lake ungeweza kukubali. Alikuwa akiandika 3,5 mahali sisi tunapoandika 3.5. Alipogawanya, aliweka namba upande tusiouzoea, kama walivyomfundisha Bunia. Alipoulizwa swali alisimama, akatafuta maneno ya Kiingereza, akakaa. Mara mbili aliniambia kwamba angeacha hisabati, kwa sababu anachokijua hakiwezi kutoka mdomoni.

Shule ilikuwa na sheria ya Kiingereza tu. Aliyekamatwa akisema lugha nyingine alivishwa kipande cha mbao shingoni mpaka amkamate mwingine. Kwa hiyo saa za prepu ya usiku, wengine walipokuwa madarasani, sisi wanne tulijificha ukumbi wa chakula. Tulikaa mwisho kabisa, karibu na jiko, tukitumia taa ndogo ya sola ya Mzee. Huko hatukupanga tutumie lugha gani. Usiku wa kwanza tulisema Kiingereza kwa nusu saa na hakuna aliyeuliza kitu. Kisha dada wa Arua akachoka, akamwambia wa Bunia, kwa Kiswahili kile kile anachonunulia viazi, "Wewe, hebu sema unavyoona. Hapa hakuna mwalimu."

Akasema. Swali lilikuwa la uthibitisho kwa induksheni: onyesha kwamba ukijumlisha namba witiri kuanzia 1, jumla huwa ni mraba wa idadi yake. Moja ni 1. Moja na tatu ni 4. Moja, tatu na tano ni 9. Kitabu kilikuwa kimejaa alama, na sisi tulikuwa tumekariri hatua zake bila kujua kwa nini hatua hizo zinathibitisha chochote. Wa Bunia alisema, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na "donc" na "alors": fikirini mstari wa watu kwenye bomba la maji. Ukiwa na uhakika wa mambo mawili, kwamba wa kwanza ameambiwa habari, na kwamba kila anayeambiwa humwambia wa nyuma yake, je, kuna mtu atakayebaki bila kujua? Tukasema hapana. Hata kama mstari hauna mwisho? Tukanyamaza, kisha tukasema hapana. Basi, akasema, kazi yetu ni mambo mawili tu. La kwanza tumeshaliona: 1 ni mraba wa 1. La pili ni kupokezana. Kama watu n wamefikia mraba wa n, namba witiri inayofuata ni 2n + 1, na n² ukiongeza 2n + 1 unapata mraba wa n + 1. Habari imepita kwa wa nyuma. Imekwisha.

Mzee akapiga meza. Dada wa Arua akabisha: itakuwaje kama habari inapita vizuri lakini wa kwanza aliambiwa uongo? Wa Bunia akacheka, mara ya kwanza nimwone akicheka, akasema ndiyo maana kitabu kinaanza na n = 1, na wewe siku zote unairuka. Ule ubishi ulidumu saa nzima. Kwa muhula mzima hatukuwa tumebishana juu ya jambo lolote la hisabati. Tulikuwa tumenakili tu.

Nimefikiri sana kwa nini ilikuwa hivyo, kwa sababu Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yetu, labda ukiondoa wa Bunia kwa kiasi. Watu husema mtoto huelewa vizuri zaidi kwa lugha ya mama, nami sikatai. Lakini hilo halielezi ukumbi wetu wa chakula. Nadhani ilikuwa hivi. Kiingereza shuleni kwetu kilikuwa lugha ya kutoa jibu. Ukifungua mdomo lazima uwe tayari unajua, maana kosa la sarufi na kosa la hisabati yote yatachekwa pamoja. Kiswahili cha sokoni hakina mlinzi. Mkongo anakisema hivi, Mnubi anakisema vile, na bei hupatikana. Ndani yake tuliweza kusema "sijaelewa" bila aibu, na kusema "hapana, umenidanganya" bila kumkosea mtu heshima. Hisabati ya juu, kinyume na inavyodhaniwa, inahitaji maneno hayo mawili kuliko alama zote za kitabu.

Kiswahili kilitupa pia zawadi tusizozitarajia. Mzee aligundua kwamba hesabu zetu zilikuwa zake: sita, saba, tisa, nusu, robo, sifuri, yote yanafanana na Kiarabu alichokulia nacho. Neno "hisabati" lenyewe lilitoka huko, na aljebra pia. Alikuwa akidhani kwamba somo hili ni la Wazungu na kwamba yeye ni mgeni ndani yake. Kutoka siku hiyo alitembea nalo kama mtu mwenye hati ya kiwanja.

Ijumaa moja mwalimu wa Arua alikuja kutafuta maji ya kunywa jikoni akatukuta. Tulinyamaza tukingojea adhabu. Akavuta benchi akamwambia wa Bunia, kwa Kiswahili, "Endelea, nilikuwa nasikia." Kumbe baba yake naye alikuwa askari. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama yule kijana kwa muda, kisha akatuambia jambo ambalo nimelishika: mtihani mtauandika kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, lakini fikirini kwa lugha mnayoweza kubishana ndani yake. Tangu hapo kila Jumamosi alitenga saa ya mwisho kwa kazi aliyoiita kuvusha. Tulieleza swali kwa Kiswahili, kisha tulilivusha kwenda Kiingereza, sentensi kwa sentensi, mpaka likae kama UNEB wanavyotaka. Wa Bunia aliacha kuandika 3,5.

Likizo ya muhula wa pili dada wa Arua na wa Bunia walikuja kwetu, na tulipata nafasi ya kutumia tulichojifunza. Mama alikuwa amekodi shamba kando ya kijito, na mwenye shamba, mzee mmoja Mnubi, alimtoza kodi ya nusu eka. Mama siku zote alihisi haifiki. Upande mmoja wa shamba umenyooka, mwingine umefuata mpindo wa maji, kwa hiyo huwezi kuzidisha urefu kwa upana. Lakini karatasi ya pili ina kanuni ya trapeza, iliyotungwa kwa ajili ya maumbo kama hayo. Tulichukua kamba tukapima upande ulionyooka: mita 80. Kila baada ya mita 20 tulipima upana mpaka majini, tukapata 14, 19, 25, 22 na 16. Kanuni inasema jumlisha upana wa kwanza na wa mwisho, ongeza mara mbili ya jumla ya ule wa katikati, kisha zidisha kwa nusu ya nafasi kati ya vipimo. Kumi mara 30 jumlisha 132. Mita za mraba 1,620. Nusu eka ni zaidi kidogo ya 2,000.

Kwa mama nilieleza kwa Kikakwa. Kwa mwenye shamba tulieleza kwa Kiswahili, tukichora vipande vinne kwa kijiti kwenye udongo. Alicheka akasema, "Wanangu, karatasi hailimi." Lakini hakutufukuza. Aliuliza kwa nini tusipime katikati tu tukamaliza, na dada wa Arua akamwonyesha jinsi kipimo kimoja kingempendelea yeye au kumpendelea mama kutegemea mahali pa kupimia. Alikaa kimya, akaiomba kamba, akapima mwenyewe ule upana wa 25. Kodi hakuishusha. Msimu uliofuata alimwongezea mama kipande cha nyuma ya kichuguu, bila kusema ni kwa nini.

Likizo ya mwisho wa mwaka ilikuwa zamu yetu kwenda Arua. Tulikaa kwa shangazi yake dada yule, mtaa wa Oli, ambako Kiswahili na Kinubi vinasikika kila kona. Mjini kulikuwa na vibanda vya kutoa nakala za mitihani ya miaka iliyopita, na asubuhi mwalimu alitupa saa mbili nyumbani kwake. Umeme wa West Nile siku hizo ulitegemea kwa sehemu kituo kidogo cha Nyagak, wilayani Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5, na ulikatika wakati wowote. Shangazi aliyeuza chapati mlangoni alitusikiliza tukigombana juu ya mteremko wa mstari uliopinda, mteremko kwenye nukta moja tu. Akauliza, "Kwa hiyo mnataka kujua mlima una ukali gani mahali ambapo umesimamisha mguu mmoja?" Hakuna kitabu kilichowahi kuniambia hivyo kwa maneno machache namna ile.

Nisiifanye habari hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa, na katikati ya kidato cha sita Mzee aliondoka kwenda kutafuta riziki ili wadogo zake kule Bidibidi wale. Alituachia taa ya sola. Kiswahili hakikuweza kumlipia karo. Matokeo yalipotoka mwaka 2024, wa Bunia alipata B katika hisabati, mimi nilipata C, na dada wa Arua alipata O, ambayo si ufaulu wa somo kuu. Alikuwa amebishana vizuri kuliko sisi wote. Uhandisi wa barabara haukuwezekana. Sasa anasoma cheti cha upimaji ardhi. Kwa hiyo sidai kwamba kusoma kwa Kiswahili hufaulisha. Nadai jambo dogo zaidi, kwamba bila ule ukumbi wa chakula darasa hilo lingekufa muhula wa kwanza, na kijana mwenye akili kuliko sote angeondoka akiitwa dhaifu.

Nilipoanza Kiswahili na Uchumi chuoni nilitarajia kukuta kwamba tulichokifanya kwa kujificha, Watanzania wanakifanya hadharani. Ni kweli kwa kiasi. Shule za msingi za serikali Tanzania zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na mtoto wa huko anajua kiasi na asili ya sehemu kabla hajasikia majina yake ya Kiingereza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Lakini akifika sekondari, mtoto huyo huyo hubadilishiwa lugha, na hisabati ya kidato cha tano na cha sita anaisoma kwa Kiingereza kama sisi. Kwa hiyo nadhani hata Dodoma au Tanga kuna ukumbi wa chakula ambamo wanafunzi wanabishana juu ya vekta kwa lugha isiyo ya mtihani. Tofauti ni kwamba hakuna anayeandika wanachosema.

Nchini kwetu, baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima. Wengi wetu katika darasa hili tunatarajia ajira kutokana na uamuzi huo, nami nimo. Ombi langu kwa wahadhiri wetu na kwa wenzangu ni kwamba tusikipeleke West Nile kama somo jingine la kukariri, lenye ngeli za kuvishana vipande vya mbao shingoni. Kiko tayari huko. Kinauza mchele, na usiku kinaweza kufanya kazi ngumu kuliko hiyo kikiruhusiwa.

Mimi nimeanza upande wangu. Nina daftari ambamo naandika maneno tuliyoyatumia: yale niliyoyakuta baadaye vitabuni, kama mlinganyo, kipeo, kikomo na namba changamano, na yale tuliyoyatunga wenyewe, kama "kupokezana" kwa hatua ya pili ya induksheni na "mguu mmoja" kwa mteremko wa nukta. Wa Bunia, ambaye sasa anasoma ualimu wa sayansi, hunitumia ujumbe anapokwama. Juma lililopita aliuliza tutaliitaje lile eneo lililo chini ya mstari uliopinda unapolijumlisha kwa vipande vyembamba visivyo na mwisho. Nilimjibu kwamba mwenye shamba wa Koboko angeliita kodi. Tukacheka, kisha tukaanza kubishana.